Moto wa Shengena uanze kuzimwa nyumbani

Ndugu Waislamu, msitu wa Chome, wilayani Same, unapanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,463, na maji yake huteremka hadi tambarare kavu za chini. Kijana mmoja mwenye kiberiti, akirina asali au akichoma majani shambani, aweza kuviharibu vyanzo hivyo. Tukimchapa tu, tumesahau kuwa alijifunza kwetu wakubwa. Mtume (S.A.W.) aliuita moto adui, akaamrisha uzimwe kabla ya kulala; na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi madrasa zifundishe hadithi hizo, wazee waitishe msaragambo wa kufyeka mkanda wa kuzuia moto, na vijana watangulizwe. Nawe wa mjini, unayempeleka mwanao Upare likizo, muusie kabla hajapanda basi. Wallahu a'lam.