Taa Inayosema Uongo



Mpwa wangu alinunua pikipiki mpya ili apate riziki kwa kubeba abiria kati ya Kibaha na Kisarawe. Hata mwezi haujaisha, taa ya onyo la injini ikaanza kuwaka na kuzimika ovyo. Leo inawaka akikata kona, kesho haionekani kabisa. Alipoifikisha kwa fundi, ikatulia kama mtoto aliyemwona mwalimu. Fundi akaipima injini, akasema ni nzima. Basi kijana akabandika plasta nyeusi juu ya taa ile. "Mjomba," akaniambia, "taa hii ni mwongo. Imenichosha."

Hebu tufikiri pamoja. Je, mtu aliyedanganywa na onyo mara kumi anayo haki ya kulipuuza mara ya kumi na moja?

Wengi tutajibu kwamba anayo. Sisi walimu tulipowasimulia watoto hadithi ya mchungaji aliyezoea kupiga kelele za uongo kwamba chui amekuja, tulimlaumu mchungaji peke yake. Hatukuuliza mbuzi walioliwa walikuwa na kosa gani. Hali kadhalika abiria wa mpwa wangu. Yeye aliyechoka na taa ni dereva, lakini mama aliyepanda nyuma na mtoto mgongoni hakuiona plasta.

Lipo na kosa la pili, la kuikodolea macho taa hata kusahau safari. Tarehe 29 Desemba 1972, ndege moja ya abiria ilikuwa ikikaribia kutua Miami, Marekani. Taa ya gurudumu la mbele haikuwaka. Rubani na wenzake wote wakashughulika na taa hiyo, na hakuna aliyetambua kwamba ndege inashuka polepole gizani. Ikaanguka kwenye mabwawa. Katika watu 176 waliokuwamo, walikufa 101. Gurudumu lilikuwa limeteremka sawasawa. Kilichoungua ni balbu tu.

Basi tufanye nini, kama kudharau ni kosa na kuhangaika ni kosa? Nilimpeleka mpwa wangu kwa fundi mwingine, mzee mtaratibu. Hakuigusa injini. Aliiwasha, akazungusha usukani kulia na kushoto, huku akitikisa waya mmoja mmoja. Taa ikawaka. Chini ya tangi, karibu na shingo ya usukani, waya ulikuwa umebanwa mno hata ukachunika, na kila kona shaba yake iligusa chuma. Tena vichwa vya betri havikukazwa vema siku pikipiki ilipotolewa katika kasha na kuungwa. Kazi yote haikufika saa moja.

Kumbe taa haikuwa mwongo. Injini ilikuwa nzima, lakini palikuwa na kitu kibovu, nayo ilikitangaza kwa lugha pekee iliyo nayo.

Nakiri kwamba mimi nami niliwahi kubandika plasta. Zamani nilikuwa na mwanafunzi aliyelalamika tumbo kila siku ya kulima shamba la shule. Siku moja nikamwambia, "Shika jembe." Jioni ile alibebwa na wenzake, ana malaria kali. Namshukuru Mungu alipona. Lakini hata zile siku nyingine, alipokuwa hana ugonjwa, sikumwuliza anakimbia nini.

Dhamiri nayo ni taa. Wako watu ambao dhamiri huwashitaki hata kwa mambo yasiyo dhambi. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho habari zao, wala hakuwaruhusu wenzao kuwadharau.

Kwa hiyo, ndugu, mke akilalamika mara kwa mara, mtoto akilia bila sababu tunayoiona, jirani akishitaki mambo ambayo hayapo, tusikimbilie kusema ni uongo. Tutafute waya uliochunika. Na mpaka tuuone, tusimpakie mtu mwingine nyuma yetu.