Neno "Sawa" na Mwandishi wa Programu

Neno "sawa" lina maana mbili ambazo mzungumzaji wa Kiswahili huzichanganya bila kusita: ulingano wa kiasi na usahihi wa jambo. Chukua mfano wa chama cha akiba katika mtaa wa Mbotela, mashariki mwa Nairobi, ambacho mweka hazina wake anataka programu ya kompyuta ya kugawa faida. Agizo lake ni fupi: faida igawanywe sawa. Je, kila mwanachama apate kiasi kile kile, au kila mmoja apate kwa kadiri ya alichoweka? Mama aliyeweka shilingi 200 kwa wiki na jirani yake aliyeweka 1,000 hawatalijibu swali hilo kwa namna moja.

Historia ya lugha za programu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kulazimisha maswali ya aina hii yajibiwe mapema. Kundi la John Backus katika kampuni ya IBM lilipotoa FORTRAN mwaka 1957, kazi hiyo ilielezwa kuwa ni uandishi wa programu unaojiendesha. Maelezo hayo yalitiwa chumvi. Kilichojiendesha kilikuwa tafsiri ya fomula kuwa amri za mashine. Aliyeitunga fomula alikuwa bado binadamu, na alama ya kugawanya haikumruhusu kunena mawili. Ukali huo, ambao wanafunzi wengi huulalamikia, ulikuwa pia nidhamu ya kimaadili: anayeandika hukata shauri, na shauri lake husomeka.

Zana kama GitHub Copilot, iliyotokea mwaka 2021, hupokea maelezo ya lugha ya kawaida na kutunga programu. Hapa mfasiri amegeuka mtunzi. "Sawa" huingia na utata wake, ikatoka na maana moja ambayo pengine hakuna mtu aliyeichagua. Wahakiki waliozoea, tangu insha ya Roland Barthes ya 1967, kumwondoa mwandishi ili msomaji apate nafasi (na si wote walioisoma insha yenyewe) hawataiona hali hii kuwa ngeni. Lakini matini ya riwaya haigawi fedha za mtu. Kusema kwamba mashine ndiyo iliyoamua ni kutaja chombo mahali pa mtendaji. Mweka hazina asiyeweza kuisoma programu amekabidhiwa uandishi asioumiliki, naye ndiye atakayesimama mbele ya wanachama siku ya mgao, daftari mkononi, akiulizwa ni nani aliyekata shauri kwamba 200 na 1,000 zilingane.