Ujira wa Mwimbaji Unamlilia Mungu

Vijana wa Ngara na Biharamulo, wapendwa katika Bwana, kibarua mnakijua. Mmeamka alfajiri kupalilia maharage ya watu kule Kabanga, mmelima mahindi ya watu Nyakahura, jua likawachoma migongo, na jioni mwenye shamba akawaambia mje kesho. Kesho ikawa wiki. Uchungu ule bado mnao. Basi fungueni Waraka wa Yakobo, sura ya 5, mwone Mungu anavyosimama na mvunaji aliyedhulumiwa!

Sasa toa simu yako mfukoni. Hizo nyimbo zilizojaa kwenye memori kadi uliingiziwa pale stendi Nyakanazi. Kijana wa kibandani alichomeka kadi kwenye kompyuta, akakuuliza unataka bongo fleva au gospo, akabonyeza, akapokea hela yake. Yeye amelipwa. Mwenye kibanda amelipwa kodi yake, na umeme umelipiwa. Aliyetunga, aliyeimba na aliyepiga kinanda wameambulia nini? Wewe ndiye yule mwenye shamba!

Wala msinitajie mastaa wa Dar es Salaam na magari yao. Nasema habari za kwaya ya kanisani kwenu. Wenzenu walichangishana, wakauza kahawa, wakapanda basi hadi Mwanza kurekodi, wakarudi na deni la studio. Jumapili wakapanga sidii zao mezani nje ya kanisa. Mmoja wenu akanunua moja, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la vijana, na kabla ya jioni kila mtu anayo. Mwalimu wa kwaya akakusanya sidii zake, akazirudisha kwenye boksi. Na wimbo wenyewe ni wa kumsifu Mungu! Mnamsifu kwa jasho mlilolidhulumu?

Mwimbaji Saida Karoli naye ni dada wa mkoa wetu huu wa Kagera. Nyimbo zake za Kihaya zilivuma Afrika Mashariki nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tulijivuna naye. Kujivuna hakumlipi mtu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini mimi sikutishi kwa polisi, nakuita kwa jina la Kristo.

Mnasema hela hamna. Ni kweli, nami sitawabebesha mzigo msiouweza. Sikilizeni Radio Kwizera, kwa kuwa redio ndiyo inayowajibika kulipa mirabaha, yaani ujira wa wenye wimbo. Tazameni wimbo mtandaoni kwenye chaneli ya mwimbaji mwenyewe, matangazo yamwingizie chochote. Mwenye uwezo aununue kwa mtandao wake wa simu, uwe mwito wa simu yake. Na wewe uliyerushiwa ile sidii ya kwaya, Jumapili hii mtafute mwalimu wa kwaya kabla ya ibada, umpe bei yake mkononi. Ukiwa na nusu, mpe nusu, mpatane lini utamalizia.