Mwandishi wa programu naye ana upande

Kila zama huwa na mtu wake ambaye jamii humpa haki ya kusema juu ya kila jambo. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kisha akaja daktari, akawa anaulizwa habari za homa na habari za ubunge kwa pamoja. Siku hizi ni kijana wa kompyuta. Akishaweza kurudisha mtandao ofisini, ataulizwa pia nani achaguliwe, mtoto alelewe vipi, na kama ni halali mume kupekua simu ya mkewe. Naye, kwa kuwa ameulizwa, hujibu.

Mengi ya majibu hayo sina ugomvi nayo. Ninachotaka tukitafakari, ndugu msomaji, ni kauli moja ambayo vijana hawa huirudia kama uradi, kwamba teknolojia haina upande. Simu haina dini, haina chama, haina kabila. Mtu ndiye mwema au mbaya, chombo ni chombo.

Namfahamu mmoja wao, mzaliwa wa Nkende kule Tarime, ambaye sasa anaandika programu za simu Dar es Salaam. Ni kijana mpole, mchapakazi, na mwezi haupiti bila kutuma chochote nyumbani. Yeye huniita mzee wangu, nami humwita bwana mdogo. Ukikaa naye utakuta ana misimamo mitatu ambayo kwake imekwisha kuwa kama maumbile: programu ni chombo tu, siasa yeye hayumo, na mambo ya familia ni ya wenye familia, hayaingiliwi na mtu wa nje, sembuse na mashine. Ukimbana kwa hoja anakuletea mfano wa kisu. “Mzee wangu, kisu kinakata nyama na kinaua mtu. Utamkamata mhunzi?”

Mfano huo unatumika dunia nzima, na kwingineko huenda ukapita. Lakini kwa mtu wa Tarime ni mfano wa hatari. Tarime kuna mwezi ambao kila mtu anajua kisu kinakwenda kufanya nini. Ni Desemba, shule zinapofungwa, ndipo koo zinazoendelea na mila ya ukeketaji huwakusanya mabinti. Mhunzi atakayepelekewa kisu na ngariba mwezi huo, akakinoa, akapokea fedha yake, kisha akasema yeye kazi yake ni kunoa tu, huyo tutamwambia nini? Mafakihi walilijadili suala hili karne nyingi kabla ya kompyuta, pale walipohoji hukumu ya mwenye kumuuzia zabibu mtu anayejulikana kuwa ni mkamua mvinyo, na ya mwenye kuuza silaha wakati wa fitina. Hawakulimaliza kwa kusema zabibu haina upande. Waliuliza muuzaji alikuwa anajua nini.

Tena programu si kisu. Kisu kikishatoka kwa mhunzi kimetoka, hakuna kinachowaunganisha tena. Programu inabaki na mwenyewe. Anaisahihisha, anaiongezea, anaona nani kaifungua na saa ngapi, na akitaka anaizima akiwa kitandani kwake. Zaidi ya hayo, kisu hakikuulizi jina la mumeo wala kijiji chako kabla ya kukata. Programu inauliza. Na aliyepanga maswali hayo ni mtu.

Kwa haki, bwana mdogo ana hoja moja nzito. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, waliokuwa nyuma yake walidhamiria watu walipe marejesho ya mikopo midogo. Wananchi wakaona humo jambo jingine, wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, mjini kwenda shamba, mtoto kwenda kwa mama. Kampuni ikafuata walipokwenda watu, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ikatangazwa kwa kazi hiyo hasa. Mwaka 2008 ikafika Tanzania. Kwa hiyo ni kweli kwamba mtumiaji anaweza kukigeuza chombo kuliko alivyokusudia mtengenezaji. Lakini angalia kilichotokea baada ya hapo: watengenezaji waliona, wakachagua kuendeleza kile walichokiona. Huko ndiko kuwa na upande.

Sasa turudi Mara, kwa sababu huko jambo hili si la kubishania kahawani tu. Mwaka 2015 ulianzishwa mradi wa ramani uitwao Crowd2Map, mwanzilishi wake akiwa Mwingereza, Janet Chapman. Tatizo lilikuwa la kawaida kabisa. Binti wa Serengeti au Tarime akisikia tarehe yake imepangwa, hutoroka usiku. Mtu anapiga simu nyumba salama au polisi, anataja jina la kitongoji. Kitongoji kiko wapi? Njia ya gari inapita wapi? Mto unavukwa wapi? Kwenye ramani za kompyuta, sehemu kubwa ya vijiji hivyo ilikuwa eneo tupu, kana kwamba hakukuwa na watu. Rhobi Samwelly, mwanamke wa mkoa huo huo ambaye yeye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na nusura apoteze maisha, anaongoza shirika la Hope for Girls and Women lenye nyumba salama Mugumu na Butiama, na kazi ya kuwafuata mabinti hao anaijua vizuri. Basi watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wakakaa na picha za setilaiti, wakachora nyumba moja moja na njia moja moja kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Wenyeji wenye simu wakatia majina: hapa shule, hapa zahanati, hapa kisima. Vijijini wakateuliwa watu wa kutoa taarifa kwa simu pale wanapoona dalili.

Ukimuuliza bwana mdogo, atakuambia huo ndio ushahidi wake: ramani ni ramani, wema ni wa Rhobi na wenzake. Nami namuuliza swali moja. Je, nyumba salama nayo uichore?

Ramani huria kila mtu anaiona. Anaiona askari wa Kanda Maalumu ya Tarime na Rorya, na anaiona baba wa binti aliyetoroka, kwa kuwa naye ana simu. Na baba huyu hamtafuti binti kwa mapenzi peke yake. Katika mila hiyo aliyekeketwa ndiye anayehesabiwa kuwa tayari kuolewa, na kuolewa maana yake ni ng'ombe, na pengine ng'ombe hao wamekwisha kupangiwa kwenda kumwolea kaka yake. Njia ile ile inayomfikisha mwokozi kwa binti inamfikisha na mwenye kumdai. Atakayesema “chora kila kitu, chombo hakina upande” amekwisha kuwa upande wa mwenye nguvu, maana penye uwazi sawa kwa wote, mwenye pikipiki, ndugu na fimbo ndiye anayefaidi zaidi. Na atakayeamua nyumba ile isichorwe, naye kachagua. Mtu wa tatu asiyechagua hayupo.

Hata jina la kitongoji si jambo jepesi. Tarime ni wilaya ambayo koo zake zimewahi kupigana hadi kuuana kwa ajili ya mipaka ya ardhi. Wanchari na Warenchoka wanalijua hilo. Andika kwenye ramani kwamba kilima fulani kiko upande huu, kisha useme siasa haumo!

Na kwenye kisanduku cha fomu mambo ni yale yale. Mwaka 2022 Sensa ya Watu na Makazi ilifanyika kwa vishikwambi nchi nzima, tukahesabiwa watu 61,741,120. Mimi naiona ni kazi kubwa na ya kupongezwa. Ila fikiria programu yoyote ya kuandikisha kaya, ya hospitali au ya msaada wa chakula, iliyoandikwa na kijana aliyekulia Upanga, yenye kisanduku cha “mume” na cha “mke”, ikipelekwa Ukuryani. Huko kuna nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari mwanamke mwingine ili amzalie watoto wa nyumba yake. Sisi Waislamu hatuna ndoa ya namna hiyo na siitetei. Nasema tu kwamba wale watoto wapo, wanaumwa malaria kama wengine, na programu isiyo na kisanduku chao itawaandika uongo au itawaacha. Nani kaamua? Kijana wa Upanga, bila kujua kama ameamua.

Wenye kudhani haya ni madogo wawatazame jirani zetu. Wabelgiji walipoleta vitambulisho Rwanda miaka ya 1930, waliweka nafasi ya kuandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Karani aliyepanga karatasi ile pengine alikuwa anatafuta utaratibu mzuri wa ofisi. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kadi ile ndiyo iliyokuwa ikisomwa kabla ya panga. Takriban miaka 60 ilipita kati ya karani na panga.

Ndiyo maana kauli ya pili, ya kutokuwamo katika siasa, siielewi kabisa. Kuanzia Mei 2019 hadi Januari 2020 tulipangwa foleni kusajili laini kwa alama za vidole, na asiye na namba ya kitambulisho cha taifa akatumia laini ya mwenzake. Wanawake wangapi wa vijijini wana laini iliyosajiliwa kwa jina la mume? Laini hiyo ndiyo binti atakayoiazima kuombea msaada. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi baada ya siku kadhaa. Sijadili hapa amri ilitoka wapi. Nasema mtandao wa nchi nzima haujizimi wenyewe. Kuna mtu aliyesoma vizuri, mwenye mke na watoto, aliyekaa mbele ya kompyuta siku ile, akaandika mstari wake, akabonyeza. Inawezekana kabisa jioni alirudi kwake akasema siasa yeye hayumo.

Hapa atatokea mtu aseme: basi mnataka mafundi watutawale, kila mmoja aingize imani yake katika simu zetu? La hasha. Fundi anayejijua kuwa ana upande unaweza kumuuliza, ukambishia, ukamshitaki. Tangu Mei 2023 tunayo hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kumbania. Anayejiona hana upande huwezi kumfanya lolote, kwa kuwa kila ukimgusa anakuonesha mashine.

Imebaki familia, na hapo ndipo mazungumzo yetu na bwana mdogo huwa magumu. Yeye ana binti, na ameapa hatakeketwa. Lakini kaka yake wa Nkende ana mabinti wawili, na kwa hao husema, “Nyumba ya kaka ni ya kaka.” Mimi sidharau neno hilo. Kuunga udugu ni jambo kubwa, na mtu wa mjini anayerudi kijijini kila likizo kuwafokea wakubwa zake hupoteza hata masikio machache aliyokuwa nayo. Takwimu za kitaifa zinaonesha mila hii inapungua, kutoka asilimia 18 ya wanawake mwaka 1996 hadi 10 mwaka 2015/16 na 8 mwaka 2022. Wapo wanaosema tuiache ife yenyewe. Lakini mwaka ule wa 2015/16 Mara peke yake ilikuwa asilimia 32, na binti wa miaka 12 hana muda wa kusubiri wastani wa taifa. Sheria nayo haikusema nyumba ya kaka ni ya kaka. Tangu 1998 kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili, na ukivuka Sirari kuingia Kenya utaikuta sheria ya kwao ya mwaka 2011.

Na bwana mdogo hayuko nje ya nyumba ile kama anavyodhani. Kila Desemba kaka humwandikia ujumbe, naye hutuma fedha ya sherehe kwa simu. Fedha ikishafika, simu haiulizi kama ni ya sare za shule, mchele wa sikukuu au ujira wa ngariba. Simu kweli haiulizi. Yeye anaweza kuuliza. Anaweza kusema natuma ada moja kwa moja shuleni, na ya sherehe situmi mpaka nijue ni sherehe ya nini.

Atalipia, hilo lazima tuseme. Wataambiana kwamba mji umemharibu, wazee wa mila wataacha kumwita kwenye vikao, na siku ya msiba wake ataona nani kaja na nani hakuja. Si gharama ndogo kwa mtu wa ukoo. Lakini Januari shule zikifunguliwa, mwalimu ataita majina, na majina ya mabinti wale wawili yamo katika daftari lake.