Anayekimbia Kando



Mwaka 1995 Henry Wanyoike, kijana wa Kikuyu kule Kiambu, alilala akiona na kuamka haoni. Kiharusi kilimnyang'anya nuru ya macho. Alikuwa fundi viatu, na alikuwa mkimbiaji. Miaka 5 baadaye, Sydney, alishinda dhahabu ya mita 5000 katika Paralimpiki. Wengi wetu tunalijua hilo. Leo naomba tumtazame yule aliyekimbia kando yake.

Mkimbiaji asiyeona kabisa hufungwa macho, ili asiwepo mwenye kumzidi mwenzake hata kwa mwanga kidogo, kisha huunganishwa na mwongozaji wake kwa kamba fupi ya mkononi. Mikono hupanda na kushuka pamoja, hatua zikilingana. Mwongozaji humwambia: kona hiyo, kuna mtu mbele, sasa ongeza. Haruhusiwi kumvuta, wala kuvuka mstari wa mwisho kabla yake. Kwa hiyo sharti awe na pumzi ya kukimbia na ya kusema, na moyo wa kumaliza nyuma ya mwenzake kila mara.

Siku ile ya Sydney mwongozaji wa Wanyoike alikuwa amedhoofishwa na malaria. Karibu na mwisho miguu ikamwishia nguvu. Asiyeona akawa ndiye anayemhimiza anayeona, akimkokota mpaka mstarini. Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu viungo vya mwili mmoja, hakuviomba vyenye nguvu vivionee huruma vilivyo dhaifu. Alisema vinahitajiana.

Huruma yetu, ndugu zangu, huishia kwenye makofi. Medali ikija tunaimba. Lakini njia ya medali huanzia kwa mwalimu anayekataa mtoto mwenye fimbo nyeupe aachwe chini ya mti kulinda mabegi ya wenzake wakati wa michezo. Njia hiyo inahitaji nauli, choo ambacho kiti cha magurudumu kinaingia, mpira wenye njuga ndani yake ili usikike, na mtu wa kufika mazoezini kila asubuhi, mvua ikinyesha au isinyeshe. Huyo wa mwisho ndiye adimu kuliko vyote. Athens, mwaka 2004, Wanyoike alishinda mita 5000 na mita 10000 akiwa na Joseph Kibunja, rafiki yake tangu utotoni. Urafiki ule haukuundwa na shirikisho lolote. Ulikuwepo kijijini kabla ya kamba.

Vijana wetu mnaokimbia alfajiri kabla ya kazi, miongoni mwenu wamo wenye mbio za kutosha kumwongoza mwingine. Na ninyi wazazi mnaomwacha mtoto ndani Jumamosi kwa kuogopa macho ya watu, mleteni uwanjani. Baada ya ibada nitakaa mlangoni na daftari. Anayetaka kukimbia aandikishe jina lake, na anayetaka kushika kamba aandikishe lake kwenye ukurasa uleule.