"Nimepitisha tu"



Telefone ni neema. Mama aliye Kindu anapokea franga za mtoto wake wa Lubumbashi siku ileile, na habari ya msiba haingoji tena barua. Lakini kumbukeni Ebola ya Beni na Butembo, toka 2018 hadi 2020. Walikufa watu zaidi ya 2200. Chanjo ilikuwapo, uvumi nao ulipita kutoka telefone hata telefone, kwamba ugonjwa ni wa uongo, ni biashara ya wakubwa. Wako waliowaficha wagonjwa wao. Wauguzi walishambuliwa, wengine wakauawa.

Wengi waliotuma habari zile hawakuzitunga. (Tena walikuwa wamechoshwa na vita, wasimwamini mtu.) Je, wana hatia? Utasema: "Nimepitisha tu." Soma Sura Al-Hujurat, aya ya 6. Pale Mwenyezi Mungu hasemi na mtunzi wa uongo; anasema na sisi waumini tunaoletewa habari, tuichunguze tusije tukadhuru watu kwa kutojua.

Usiyoijua asili yake, ibaki kwako. Na ile uliyoituma jana? Rudi kwa uliowatumia, uwaulize wamempa nani.