MZINGA ULIOGAWANYWA



Mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi walioishi Lilongwe na miji mingine warudi hapa Dzaleka, kanisa letu lilijaa mpaka nje. Tukaligawa: jamaa nyingine zikaanza kusali upande wa pili wa kambi. Tangu hapo wanatuuliza, "Mchungaji mtatuletea lini?"

Wafuga nyuki watufundishe. Mzinga ukijaa, mfugaji hugawa masega. Nusu hubaki na malkia, nusu huhamia mzinga mpya bila malkia. Je, hao watakufa? La, ikiwa masega yao yana mayai au mabuu machanga. Nyuki huchagua mabuu machache, huyapanulia vyumba, na kuyalisha chakula cheupe kama maziwa. Yai ni lile lile ambalo lingetoa mtenda kazi. Tofauti ni chakula. Baada ya majuma mawili hivi malkia hutoka, na huenda mwezi ukapita kabla hajataga. Mfugaji asiye na subira, anayefunua mzinga kila siku, huharibu kazi. Na malkia mgeni akitiwa ghafula, mara nyingi huuawa.

Someni Matendo 14:23. Paulo na Barnaba hawakungoja wazee watoke Yerusalemu; waliwaweka katika kila kanisa, hata Listra alikopigwa mawe Paulo. Na Timotheo, kijana wa huko, imani yake ilianzia kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5).

Sisi tuliopita chuo cha Biblia tunakiri kosa. Kila Jumapili tulipeleka mhubiri kutoka huku, na vijana wa kule tukawaachia kubeba viti. Tuliwanyima chakula, kisha tukasema hawajakomaa.

Wachungaji nasi tunangoja safari ya nchi ya tatu kama ninyi. Siku jina likitoka, tutaondoka. Kundi litabaki na nani?

Kwa hiyo kuanzia Jumapili ijayo, Neno kule litatolewa na mmoja wao, nasi tutakaa nyuma tusikilize. Atakosea. Tusifunue mzinga kila siku. Nanyi wazazi, msiseme watoto watafundishwa huko tuendako. Wafundisheni hapa, jioni hii. Mzinga usio na malkia bado una tumaini. Usio na malkia wala yai ndio unaokufa.

Bwana awabariki. Amina.